Theluthi mbili zilizopotea njiani kutoka Jua

Ndugu wasikilizaji, hebu kila mmoja autazame ukucha wa kidole gumba chake. Katika sekunde moja uliyoutazama, chembe zipatazo bilioni 65 kutoka Jua zimepita katikati yake. Hazikuukwaruza, hazikuupasha joto, wala hazikupunguza mwendo. Zimekwenda zao zikapenya kiti, sakafu, udongo na mwamba, na kufumba na kufumbua zimekwisha tokeza upande wa pili wa dunia. Wala usidhani kwamba ukilala usiku utakuwa umezikwepa. Jua likiwa chini ya miguu yetu, chembe hizo hizo huja kwa njia ya chini, zikaivuka dunia nzima na kupenya godoro. Jina lake ni nyutrino, na ndizo ninazotaka tuzizungumzie wiki hii.

Najua wapo watakaoguna. Fundi mitambo wetu hapa studioni alipoziona karatasi zangu aliniuliza, "Bwana, kitu kinachompita mtu bila hata kumgusa kina habari gani ya kumtangazia mwananchi?" Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kabla sijaondoka kwenye kipaza sauti. Kwa sasa itoshe kusema kwamba chembe hii isiyomgusa mtu ndiyo iliyowaonyesha wanafizikia kuwa kitabu chao kikubwa kabisa kina ukurasa uliokosewa. Na kosa hilo lilijulikana kwa sababu wapo watu waliokataa kuzirekebisha hesabu zao ili zifanane na zilivyotarajiwa.

Tuanze mwanzo. Katika miaka ya 1920 wataalamu walikuwa wakichunguza atomi ambazo hujigeuza zenyewe kwa kutoa elektroni. Walijua nishati iliyokuwamo kabla ya mageuzi, nao waliipima iliyotoka baadaye. Hesabu haikulingana. Kila mara nishati fulani ilikuwa imepungua, safari hii kidogo, safari nyingine nyingi. Ni kama mwenye duka anayefunga hesabu jioni na kukuta sanduku lina upungufu, na kila siku upungufu una kiasi chake. Hata mtu mkubwa kama Niels Bohr wa Denmark alifika mahali pa kufikiri kwamba huenda sheria ya kuhifadhika kwa nishati haifanyi kazi ndani ya atomi.

Wolfgang Pauli, Mwaustria aliyekuwa akifundisha Zürich nchini Uswisi, hakuridhika na jibu hilo. Tarehe 4 Desemba 1930, akiwa na umri wa miaka 30, aliwaandikia barua wenzake waliokuwa wakikutana mjini Tübingen, Ujerumani. Aliomba radhi kwamba hataweza kufika kwa kuwa kulikuwa na dansi iliyomlazimu kubaki Zürich. Kisha akatoa pendekezo lake: sanduku halipungui lenyewe, yupo anayechukua. Pamoja na elektroni hutoka chembe nyingine ndogo isiyo na umeme, nayo huondoka na ile nishati bila kuonwa na chombo chochote. Miaka michache baadaye Mwitalia Enrico Fermi aliandika hesabu za chembe hiyo na kuieneza kwa jina la nyutrino, maana yake kwa Kiitaliano ni kijitu kisicho na umeme wa upande wowote.

Kuikamata kulichukua robo karne. Ilipofika mwaka 1956, Wamarekani Frederick Reines na Clyde Cowan waliweka chombo chao karibu na kinu cha nyuklia cha Savannah River, katika jimbo la South Carolina. Kinu cha namna hiyo hutoa nyutrino nyingi mno, kiasi kwamba hata zikipita karibu zote, chache zitajikwaa. Walipohakikisha wamezipata, walimpelekea Pauli telegramu. Aliipata akiwa bado hai.

Hapa sharti niitaje Afrika, maana watu wengi hawajui kwamba imo katika habari hii. Nyutrino za kwanza za asili, yaani zisizotoka katika kinu kilichojengwa na binadamu, zilinaswa mwaka 1965 zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg. Kazi hiyo iliongozwa na Reines yule yule, akishirikiana na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka huo huo kundi jingine lilizinasa katika mgodi wa dhahabu wa Kolar nchini India. Kwa nini migodini? Kwa sababu juu ya ardhi kuna chembe nyingine nyingi zinazonyesha kutoka angani kama mvua, nazo hupiga vyombo bila kukoma. Kutafuta nyutrino huku juu ni kama kutaka kusikia mnong'ono katikati ya soko la Kariakoo mchana. Mwamba huzizuia hizo kelele, na nyutrino hupita.

Sasa nifike kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote katika mkasa huu, Raymond Davis, mkemia wa Marekani. Katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, mji wa Lead, jimbo la South Dakota, karibu mita 1,500 chini ya ardhi, Davis alijaza tangi lita 380,000 za dawa ile ambayo madobi wa mashine huitumia kusafishia suti bila maji. Dawa hiyo ina klorini nyingi. Nyutrino ya Jua ikiigonga atomi ya klorini, atomi hiyo hugeuka kuwa agoni. Kila baada ya majuma kadhaa Davis alipitisha gesi ndani ya tangi, akaziondoa atomi chache za agoni zilizojitokeza, akazihesabu. Fikirini, ndugu zangu: ndani ya tangi linaloweza kujaza bwawa la kuogelea, anatafuta atomi zinazohesabika kwa makumi.

Mwenzake, John Bahcall, alikuwa amekokotoa ni nyutrino ngapi zinapaswa kutoka Jua, kwa kuwa Jua huwaka kwa kuunganisha viini vya haidrojeni na kupata heli, na kazi hiyo lazima izae nyutrino. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1968, na hesabu zilizofuata mwaka hadi mwaka zilionyesha jambo moja. Nyutrino zilizofika zilikuwa kama theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Theluthi mbili hazikuonekana.

Washukiwa walikuwa watatu. Huenda Davis hajui kuhesabu. Huenda Bahcall hajui Jua linavyowaka. Au huenda nyutrino zenyewe zina jambo zinalolificha. Wataalamu wengi walielekeza kidole kwa wawili wa kwanza. Davis hakugombana na mtu. Aliingiza ndani ya tangi lake kiasi cha agoni alichokijua ili aone kama atakitoa chote, na akakitoa. Akakagua tena vyombo vyake, akahesabu tena, akapata theluthi ile ile. Mtambo wake uliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1994. Bahcall naye alirudia hesabu za Jua miaka nenda miaka rudi, na kila alipozidi kuzisafisha zilizidi kusimama. Hakuna kati yao aliyemsogezea mwenzake tarakimu ili wakutane katikati.

Ufumbuzi ulikuwa umekwisha dokezwa zamani na Bruno Pontecorvo, Mwitalia aliyehamia Urusi ya Kisovieti mwaka 1950. Tangu mwaka 1957 alikuwa akiwaza kwamba nyutrino inaweza kujigeuza ikiwa njiani. Leo tunajua kwamba ziko nyutrino za aina tatu: ya elektroni, ya muoni na ya tau. Jua hutoa aina ya kwanza tu, na tangi la Davis lilikuwa na uwezo wa kunasa aina hiyo hiyo moja.

Nitoe mfano wa treni ya Kigoma. Abiria wote wamepanda Kigoma wakiwa wamevaa kanzu. Mlinzi wa stesheni ya Dar es Salaam ameagizwa awahesabu wenye kanzu peke yao. Treni inafika, anakuta kanzu ni theluthi moja, anapiga simu kwamba abiria wametumbukia porini. Kumbe hakuna aliyetumbukia. Njiani wengine wamebadili wakavaa suti, wengine wakavaa msuli, na mlinzi hakuagizwa kuwatazama hao.

Msikilizaji makini atauliza, kama jibu ni jepesi hivyo, kwa nini lilichukua miaka 30 na zaidi? Kwa sababu lilikatazwa na kitabu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanafizikia, miongoni mwao Abdus Salam wa Pakistan, waliijenga nadharia inayoeleza chembe zote na jinsi zinavyosukumana, isipokuwa nguvu ya mvutano wa dunia. Huitwa Nadharia Sanifu, na imefaulu mitihani ya maabara kwa usahihi wa kustaajabisha. Nadharia hiyo, kama ilivyoandikwa, inasema nyutrino haina uzito hata chembe, au kwa lugha ya darasani, haina tungamo.

Na kisicho na uzito hakiwezi kujigeuza. Einstein alitufundisha kwamba kitu kisicho na uzito lazima kiende kwa mwendo wa mwanga, na kwamba kiendacho kwa mwendo huo saa yake imesimama. Kwake, kuondoka na kufika ni kitendo kimoja. Asiye na saa hana nafasi ya kubadili nguo. Kwa hiyo kama nyutrino hujigeuza njiani, basi saa yake inatembea, na kama saa yake inatembea, ina uzito. Hiyo ndiyo sababu suala la kanzu na suti likawa suala la kitabu kizima.

Uthibitisho ulikuja kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa Japani. Ndani ya mgodi wa zamani wa Kamioka, chini ya mita 1,000 za mwamba, wataalamu walijenga tangi la tani 50,000 za maji safi sana na kulizungushia macho ya kioo zaidi ya 11,000, kila jicho likiwa na upana wa nusu mita. Macho hayo huona mwali hafifu wa buluu unaotokea nyutrino inapojikwaa majini. Mtambo huo, Super-Kamiokande, ulianza kazi mwaka 1996. Ulilinganisha nyutrino za muoni zinazozaliwa angani juu ya Japani, ambazo zimesafiri kilomita chache tu, na zile zilizozaliwa angani upande wa pili wa dunia, zilizosafiri hadi kilomita 13,000 kupita katikati ya ardhi. Dunia haizizuii, basi idadi ilipaswa kuwa sawa. Haikuwa sawa. Zilizokuja kutoka chini zilikuwa kama nusu ya zile za kutoka juu. Mwezi Juni 1998 Takaaki Kajita alisimama mbele ya mkutano mjini Takayama na kutangaza kwamba nyutrino hugeuka, na kwa hiyo zina uzito.

Hatua ya pili ilikuwa Kanada, katika mgodi wa nikeli huko Sudbury, kilomita 2 chini. Huko waliazima tani 1,000 za maji mazito, zenye thamani ya dola za Kanada zipatazo milioni 300, na kila mtu aliyeingia kufanya kazi ilimlazimu kuoga kwanza ili asiingize vumbi la mgodini. Kwa nini maji mazito? Kwa sababu yanaweza kuhesabu kwa namna mbili: wenye kanzu peke yao, na abiria wote bila kujali vazi. Mwaka 2001 na 2002 majibu yalitoka. Wenye kanzu walikuwa theluthi moja, kama Davis alivyosema. Abiria wote kwa jumla walikuwa sawa na hesabu ya Bahcall. Wote wawili walikuwa wamesema kweli muda wote huo, na aliyekosea alikuwa kitabu.

Davis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 88, pamoja na Masatoshi Koshiba wa Japani. Kajita na Arthur McDonald, aliyeongoza kazi ya Sudbury, walipewa yao mwaka 2015.

Je, kazi imekwisha? Haijakwisha, ndugu wasikilizaji, na hapa ndipo penye utamu. Kujua kwamba kitu kina uzito si kujua uzito wenyewe. Huko Karlsruhe, Ujerumani, iko mizani ya nyutrino iitwayo KATRIN. Sehemu yake kubwa ni tangi la chuma la tani 200, lenye upana wa mita 10. Lilitengenezwa mji wa Deggendorf, kama kilomita 400 tu kutoka Karlsruhe, lakini hakuna barabara iliyoweza kulibeba. Basi mwaka 2006 lilipakiwa majini, likateremka mto Danube hadi Bahari Nyeusi, likaizunguka Ulaya kupitia Mediterania na Atlantiki, likapanda mto Rhine, safari ya karibu kilomita 9,000. Kisha likapitishwa katika mitaa ya kijiji cha jirani huku likikaribia kugusa paa za nyumba.

Mizani hiyo haiishiki nyutrino. Huipima elektroni inayotoka pamoja nayo. Wawili hao hugawana nishati moja, na kama nyutrino ina uzito, lazima ibakiziwe fungu lake hata elektroni iwe na ulafi namna gani. Mwezi Aprili 2025 KATRIN ilitangaza kwamba fungu hilo haliwezi kuzidi elektronivolti 0.45. Elektroni, ambayo tumezoea kuiita nyepesi, ina elektronivolti 511,000. Maana yake nyutrino ni nyepesi kuliko elektroni zaidi ya mara milioni moja. Kwa upande mwingine, kule kujigeuza kwake kunaonyesha kwamba walau moja kati ya uzito tatu zilizopo haipungui elektronivolti 0.05 hivi. Uzito wenyewe uko kati ya mipaka hiyo.

Kwa nini uwe mdogo hivyo? Katika Nadharia Sanifu, chembe hupata uzito pale sura yake inayozunguka kushoto inaposhikana na sura yake inayozunguka kulia, na mshikanishaji ni ile Higgs iliyopatikana Geneva mwaka 2012. Elektroni ina sura zote mbili. Nyutrino imeonekana ikizunguka kushoto tu. Haina wa kushikana naye. Basi ama yupo ndugu yake wa mkono wa kulia ambaye hajaonwa na mtu, ama nyutrino ni kinyume chake yenyewe, yaani chembe na chembe-kinyume ni kitu kimoja. Wazo hili la pili lilitolewa mwaka 1937 na Mwitalia Ettore Majorana, kijana aliyetoweka mwaka uliofuata na hakuonekana tena. Katika nchi kadhaa yapo matangi yanayosubiri tukio moja adimu, la atomi kutoa elektroni mbili kwa mkupuo bila nyutrino yoyote kutoka. Likionekana kwa uhakika, Majorana atakuwa ameshinda. Hadi leo halijathibitishwa.

Na linatuhusu sisi. Wataalamu wanaamini kwamba ulimwengu ulipoanza, maada na maada-kinyume vilikuwa sawa kwa sawa. Vitu hivyo vikikutana huangamizana. Kama vilikuwa sawa, vingemalizana vyote, na leo kusingekuwa na nyota, wala bahari, wala fundi mitambo wa kuniuliza maswali. Kitu fulani kilielemeza mizani upande mmoja. Wapo wanaodhani kitu hicho kilikuwa nyutrino na nduguze wazito wa zamani. Ni dhana bado, lakini inapimika. Nchini China, mtambo wa JUNO wenye tani 20,000 za kimiminika ulianza kukusanya takwimu mwezi Agosti 2025. Japani wanajenga tangi kubwa zaidi kuliko lile la Kamioka. Marekani wanatayarisha kurusha nyutrino kilomita 1,300 ndani ya ardhi, kutoka karibu na Chicago hadi mgodi ule ule wa Homestake, alikokuwa Davis na dawa yake ya madobi.

Sasa nimjibu fundi wetu. Faida ya jikoni hakuna, na atakayekuahidi redio ya nyutrino mwakani anakudanganya. Ila elektroni ilipogunduliwa mwaka 1897 nayo haikuwa na kazi, na leo bila elektroni wewe na mimi tusingekuwa na ajira katika jengo hili. Sisemi kwamba nyutrino itafuata njia hiyo. Nasema tu kwamba anayegundua hajui bado kitakachotumika.

Faida ninayoiona mimi iko karibu zaidi, nayo iko katika shule zetu. Tunajua sote jinsi mitihani ya vitendo ya sayansi inavyofanywa. Mwanafunzi anapima, anapata jibu lisilofanana na la kitabu, anatazama huku na huku, kisha anapika tarakimu ili apate alama. Wakati mwingine mwalimu mwenyewe humwambia afanye hivyo. Mtoto huyo tumemfundisha kwamba kitabu kikitofautiana na mizani, mizani ndiyo inayosema uwongo. Angekuwa Davis amesomeshwa hivyo, angeongeza theluthi mbili zake kimyakimya mwaka 1968, akapongezwa, na hadi leo tungekuwa tunaamini kwamba nyutrino haina uzito.

Walimu na wazazi mnaonisikiliza, mtoto akileta jibu lisilolingana, kabla ya kumpa sifuri mwambieni apime tena. Akipata lile lile, akague chombo chake, apime mara ya tatu. Na likibaki lile lile, mwacheni aliandike kama lilivyo, mpeni alama ya kupima vizuri, kisha kaeni naye mtafute tofauti imetoka wapi. Mara nyingi mtakuta uzi wa mizani ulilegea.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, kwaherini.